Asiye na Macho Huambiwa Tazama

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Asubuhi mbingu huwa nyeupe, na Mlima Rungwe, ambao kimo chake kinakaribia mita 3,000, umesimama wazi mbele ya macho ya kila mtu. Ikifika saa nane mchana wingu limeshateremka hadi kwenye migomba, na kabla mtu hajaanua nguo zake kambani ameshalowa. Mji huo, ulio makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo siri ya majani yake ya chai na mikungu yake ya ndizi. Na ndiyo sababu ya jioni zake ndefu za kukaa ndani. Mwenye jioni ndefu hutafuta hadithi.

Katika moja ya jioni hizo, mwishoni mwa mwaka 2023, kijana mmoja wa huko aliandika orodha nyuma ya daftari lake la hesabu. Kazi yake ni kuwawekea watu filamu kwenye simu na flashi, katika kibanda kisicho mbali na stendi. Waja wake wakubwa ni vijana wa rika lake, na wanachokitaka zaidi ni anime, yaani zile tamthilia za michoro kutoka Japani. Wazee wao huziita katuni na kudhani ni za watoto. Orodha ilikuwa ya nambari nne, nayo ilikusudia kumaliza ubishi: katika tamthilia zote za mwaka ule, ipi bora?

Nambari ya kwanza aliipa Jujutsu Kaisen, msimu wake wa pili, uliotolewa na studio ya MAPPA kuanzia Julai hadi Desemba, sehemu 23. Humo mna wapiganaji wa uganga na mapepo ya laana, na vita vya usiku mmoja katika mtaa wa Shibuya, jijini Tokyo. Ya pili ilikuwa Pluto, sehemu nane tu, kila moja ikikaribia saa nzima, iliyotokana na kazi ya mchoraji Naoki Urasawa, ambaye naye aliijenga juu ya kisa cha kale cha Osamu Tezuka. Ya tatu ilikuwa msimu wa pili wa Vinland Saga, sehemu 24, habari za kijana aliyekulia katika vita na sasa ni mtumwa katika shamba la Denmark. Ya nne na ya mwisho ilikuwa Frieren, kazi ya studio ya Madhouse, iliyoanza tarehe 29 Septemba na ambayo mwaka ulipokwisha ilikuwa bado ingali njiani. Pembeni ya jina hilo kijana aliandika maneno mawili: taratibu mno.

Orodha ilisomwa kibandani, ikapingwa, ikatetewa, ikapingwa tena. Asiyejua desturi za huko angeona ni upotezaji wa wakati. Lakini Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alikwisha kuandika juu ya jambo hilo katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Alieleza jinsi vijana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakitoka nyumbani kwa wazazi wao na kujijengea kijiji chao wenyewe, kijiji cha rika, na jinsi walivyolithamini lile waliloliita ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja na kuzungumza kwa adabu na ucheshi, kila mmoja akijifunza akili katika maneno ya mwenziwe. Vijiji vya rika havipo tena kama vilivyokuwa. Hamu yake ipo, na mvua inaponyesha hukusanyika chini ya bati la kibanda.

Mizani ya rika lile ilikuwa moja, nayo ni jicho. Kazi bora ni ile ambayo mkono wa mchoraji umekwenda mbio kuliko wenzake, rangi zake zikawaka, pigo likafuata pigo hata mtazamaji akasahau kupumua. Kwa mizani hiyo nambari ya kwanza haikuwa na mpinzani.

Lakini kijana hakuishi kibandani. Aliishi kwa bibi yake mzaa baba, nje kidogo ya mji, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na miti michache ya parachichi. Bibi huyo alichuma chai miaka mingi, akauza ndizi, akamlea mjukuu. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili. Aliujua mlango kwa mwanga wake na watu kwa sauti zao. Alikwisha kuambiwa kwamba angepasuliwa mvua zikipungua, naye alingoja bila manung'uniko, ameketi karibu na moto. Mjukuu alikaa upande wa pili na kompyuta yake kuukuu, masikio yameziba kwa visikilizio.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2024 bibi alisema, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, unacheka na nani gizani? Nami nichekeshe."

Kijana alitoa visikilizio, akaanza kusimulia. Haikuwa kazi nyepesi. Wahusika walisema Kijapani; maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza; naye alikuwa akiyatoa kwa Kiswahili, na palipomkwama akaingiza Kinyakyusa. Neno lilivuka mito mitatu kabla ya kumfikia msikilizaji wake.

Kwa kuwa alikuwa na fahari na nambari yake ya kwanza, alianza nayo. Akasema: huyu amempiga yule, yule ameruka, sasa moto, sasa jengo limeanguka, huyu tena amempiga yule. Bibi aliuliza wanagombea nini, akajibiwa, lakini kabla jibu halijakamilika pigo jingine lilikuwa limepita. Baada ya robo saa alikuwa amelala. Kijana alikitazama kioo, akaona kwamba yote yaliyomshika yeye yalikuwa bado yamo mle ndani na hakuweza kuyatoa kwa ulimi.

Usiku wa pili alijaribu Vinland Saga. Alipofika mahali ambapo wale watumwa wawili, Thorfinn na Einar, wanapewa kipande cha msitu wakikate, wang'oe visiki na kupanda ngano, bibi aliinua kichwa. Visiki vya mti gani? Mizizi wanaichimba pande zote au wanavuta tu? Hawana mnyama? Kijana akasema kuna mzee mmoja amewaazima farasi. "Wanamlipa nini?" Wanamfanyia kazi zake. "Hapo sawa," akasema bibi, kana kwamba ametoa hukumu ya kesi ya jirani. Kuanzia hapo alisikiliza hadi moto ukafifia. Vijana kibandani walikuwa wamelalamika kwamba msimu ule ulikuwa wa jembe tupu, hauna upanga. Bibi hakuona upungufu wowote katika jembe.

Pluto ilimtia kijana mashakani. Katika sehemu yake ya kwanza mna mzee mtunzi wa muziki, kipofu mwenye hasira, anayeishi peke yake katika jumba la Scotland, na roboti aliyepelekwa kumtumikia. Roboti huyo alikuwa silaha ya vita na sasa anataka kujifunza kupiga piano. Kijana alisimulia jumba, akasimulia piano, akasimulia hasira za mzee, ila upofu akauruka. Alidhani ni heshima. Hadithi ikaanza kuchechemea: mbona mzee hamtambui aliyeingia? Mbona anauliza kilichopo mbele yake? Bibi akakata shauri. "Huyo mzee haoni. Sema tu, mjukuu wangu. Usimfiche mtu ugonjwa anaoujua." Akasema, na kisa kikasimama sawa kwa miguu yake.

Hapo pana funzo ambalo kila mfasiri hulipata siku moja kwa aibu. Anayeficha neno kwa kumhurumia msomaji humwibia msomaji huyo huyo.

Frieren aliiacha mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mwisho. Frieren ni mchawi wa kabila la watu wanaoishi zaidi ya miaka 1,000. Alifuatana na wenzake watatu safari ya miaka kumi, wakamshinda Mfalme wa Mapepo, wakarudi, wakatazama pamoja nyota zidondokazo na kuahidiana kuzitazama tena zitakaporudi baada ya miaka 50. Kwake yeye miaka 50 ni kama wiki ya soko. Anaporudi, Himmel, aliyekuwa shujaa na kijana mzuri wa sura, amekuwa kizee kifupi chenye upara. Wanazitazama nyota, kisha Himmel anafariki. Mazishini watu wananong'ona kwamba mbona mwanamke huyu halii.

Bibi alimzuia hapo. Walicheza ngoma? Hapana. Alichinjwa ng'ombe? Haikuonyeshwa. Walimzika kimya kimya hivyo? Ndiyo, kwa kengele. Alitikisa kichwa kwa kuwahurumia watu wa mbali, kisha akasema kwamba jambo la kumchungulia asiyelia lipo kila mahali. "Haya, akalia?"

Akalia, akajibu kijana. Akalia kwa sababu alisafiri naye miaka kumi na hakujishughulisha kumjua.

Pakawa kimya, mvua tu juu ya bati. Kijana akaendelea kueleza kwamba tangu hapo kila kisa hutajwa kwa miaka iliyopita tangu Himmel kufariki: miaka 20 baada yake, miaka 27, miaka 28. Bibi akasema ndivyo wanavyohesabu hata wao. Kisha akauliza, bila ukali, "Na babu yako ana miaka mingapi tangu atutoke?"

Kijana hakujua. Aliyajua majina ya wachawi wote wa Shibuya na nguvu za kila mmoja wao. Aliijua tarehe ya kutoka kwa kila sehemu. Mwaka aliofariki mwenye nyumba aliyokuwa akilala ndani yake hakuujua, wala hakuwahi kuuliza. Bibi akamwambia kwamba masika yale yakiisha ingetimia 30. Usiku ule orodha haikusomwa tena. Alisimulia bibi.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Msomaji wa visiwani analijua hilo, na analijua pia lililo kinyume chake. Zamani za senema mjini Unguja, pale Majestic na Cine Afrique, umma ulijaa kutazama filamu za Kihindi ilhali wengi hawakuijua lugha. Aliyeelewa alimwambia wa pembeni, na wa pembeni akamwambia wa nyuma. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Kazi ya sanaa iliyotoka mbali haifiki peke yake. Hubebwa, na aliyeibeba huijua uzito kuliko aliyeitazama tu.

Kwa hiyo kijana alipanga upya. Frieren akampandisha juu kabisa, ikafuata Vinland Saga, kisha Pluto, na Jujutsu Kaisen ikashuka hadi chini. Aliamini kuwa amepata chekeche la haki: kinachosimulika kwa asiyeona ndicho chenye kiini, na kilichobaki ni makapi ya rangi.

Bibi alipasuliwa kiangazi kilipoingia. Bandeji ilipotolewa alimtazama mjukuu wake kitambo kirefu, akasema, "Kumbe umeota ndevu." Nyumbani akaiona migomba yake, akalalamikia palizi. Siku ya tatu akaomba kuonyeshwa wale watu waliomkesha masika nzima.

Kijana alimwekea kwanza usiku wa nyota. Bibi aliutazama kwa makini hadi mwisho. "Nzuri," akasema. "Lakini nyota ulizonisimulia wewe zilikuwa nyingi zaidi."

Kisha, kwa mzaha tu, akamfungulia vita vya Shibuya. Bibi alisogeza kigoda. Hakuuliza nani anapigana na nani. Moto ulipofumuka na kulijaza anga la Tokyo alishika mkono wa mjukuu wake, na ulipozimika akasema, "Rudisha." Ikarudishwa mara tatu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, bibi."

"Uliniambia wanapigana. Hukuniambia kwamba ni kama mlima unapochomwa usiku."

Kijana hakuwa na jibu, kwa kuwa bibi alikuwa amesema kweli. Chekeche lake lilikuwa limeyapitisha maneno na kuyaita makapi yote yasiyo maneno. Ilikuwa kasoro ya ulimi wake, naye akaitoza kazi ya mtu mwingine. Tena bibi, aliyetazama mara tatu tu, alikuwa amekipata kile kifananisho ambacho yeye alikikosa usiku kucha.

Daftari bado lipo kibandani, limechakaa pembe kwa kushikwa na wengi. Orodha ya kwanza imo, na ya pili iko ukurasa wa pili. Hakuna iliyofutwa, na vijana huzibishania zote mbili mvua ikinyesha. Wanaofungua ukurasa wa pili huuliza maana ya tarakimu zilizo chini kabisa, zilizoandikwa kwa wino mwingine, zisizohusiana na tamthilia yoyote: 1994.