Ukifa, Toa Padi

Nilikulia Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, kwenye nyumba za Baraza la Jiji, na kumbukumbu zangu zote za gemu za video ni za chumba kilichojaa watoto. Vijana wa leo wanaponisikia nikitaja Mario na Contra, huniuliza nilifika wapi, nilimaliza au sikumaliza. Swali hilo linamfaa mtu aliyecheza peke yake. Katikati ya miaka ya 1990, mstari mzima wa nyumba ungeweza kuwa na mashine moja tu, na mashine hiyo ilikuwa na wenyewe, na majirani, na binamu wa majirani waliokuja likizo. Laifu, yaani nafasi ya kuendelea kucheza baada ya kufa, ndiyo iliyotuwezesha sote kucheza. Laifu za ziada, zile zilizofichwa ndani ya gemu, ndizo zilizoamua kama mtoto wa mwisho kwenye foleni atashika padi mahali pa maana au atarudishwa mwanzo. Nataka kueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo.

Mashine yetu ilinunuliwa Luthuli Avenue, kwenye maduka ya redio na televisheni. Ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Nakala za aina hiyo zilifika Nairobi kwa wingi, zikiwa na padi mbili za kuchezea zenye nyaya fupi, bunduki ya plastiki ya kulengea bata, na kaseti ya manjano iliyojigamba kuwa na gemu 9999. Ukifungua orodha ungekuta gemu zile zile chache zikijirudia kwa majina mengine. Kaseti ikikataa kusoma, tuliichomoa, tukaipuliza kwenye meno yake, tukairudisha na kuomba Mungu. Televisheni ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, na iliazimwa kwetu kwa masharti: saa moja jioni ni taarifa ya habari, hata kama mtu yuko mlangoni kwa jitu la mwisho.

Sheria ya chumba kile ilikuwa ya maneno matatu: ukifa, toa padi. Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985, huanza na laifu tatu. Ukitumbukia shimoni au ukiguswa na kobe, muziki wa kifo unapigwa na padi inakwenda kwa anayefuata. Kwa hiyo laifu tatu zilikuwa watoto watatu. Wa nne na wa tano walingoja Game Over, na baada ya Game Over mashine ilianza upya kutoka 1-1, yaani hatua ya kwanza ya dunia ya kwanza. Hapo ndipo palipouma. Wakubwa waliokaa mbele walifika chini ya maji ya 2-2 na usiku wa dunia ya tatu. Sisi wadogo wa nyuma tulipewa padi pale pale mwanzo, tukafa pale pale mwanzo, na kule mbali tukapajua kwa kutazama tu.

Dawa yake ilikuwa uyoga. Katika 1-1, ukishapita bomba la nne, kabla ya shimo la kwanza, kuna mahali hewani pasipo na kitu. Ukiruka hapo, kichwa kinagonga tofali ambalo halikuonekana, na juu yake unachomoza uyoga. Watu wenye televisheni ya rangi waliujua kuwa wa kijani. Kwenye Great Wall yetu ulikuwa wa kijivu wenye madoa, sawasawa na uyoga wa kawaida unaomkuza Mario, kwa hiyo tuliutambua kwa mahali pake. Ukitoka haukungoji. Unateleza kwenda kulia, unadondoka chini, unalikimbilia shimo, na mchezaji hana budi kuufukuza na kuudaka kabla haujatumbukia, bila yeye kutumbukia nao. Hapo chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele: “Ruka! Rudi nyuma kidogo! Ufuate, ufuate!” Akiupata, mashine inatoa noti sita, na sisi wa nyuma tunajua kuna mtu mwingine atakayecheza.

Lakini ni nani? Hilo lilituletea ugomvi mkubwa. Aliyeuokota alisema laifu ni yake, kwa hiyo akifa anaendelea. Wa nne alisema laifu ni ya foleni. Tulibishana hadi mama mwenye nyumba, ambaye tukiwa nje tulimwita Mathe na mbele yake Mama, akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Alisikiliza pande zote mbili kwa uzito, ingawa sidhani aliwahi kujua Mario ni nani. Kisha akasema, “Kilichookotwa kwangu ni cha wote. Anayefuata apewe.” Akarudi kwenye sufuria yake. Hakuna aliyekata rufaa.

Uamuzi ule ulibadilisha namna tulivyocheza. Kabla yake, mchezaji hodari alikuwa yule anayekimbia na kufika mbali upesi. Baada yake, hodari akawa yule anayewakalisha wenzake wengi kitini. Alipunguza mwendo ili akusanye sarafu, kwa kuwa sarafu ya mia huleta laifu moja. Alishuka kwenye mabomba ya siri hata pale njia ya juu ilipokuwa fupi. Na wadogo wa nyuma, ambao zamani walikuwa watazamaji, wakawa waelekezi. Walihifadhi kichwani kila tofali lililofichwa, maana laifu iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa yao. Namkumbuka binti mdogo wa nyumba ya pili, ambaye kwa mkono wake hakuwa amepita 1-2. Siku moja laifu za kuokota zilimfikia tukiwa 2-2, akapewa padi chini ya maji. Alibonyeza kitufe, Mario akapanda. Akabonyeza tena, akapanda tena, katikati ya ngisi weupe. “Naogelea!” alisema, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alifurahi kwa dhati, kuanzia yule aliyeutafuta uyoga dakika nyingi nyuma.

Kijana mmoja mkubwa kutoka Buruburu, ng'ambo ya Rabai Road, ndiye aliyetuletea siri ya ngazi. Mwishoni mwa 3-1 kuna ngazi ambayo kobe wawili huishuka. Ukimkanyaga wa pili akiwa kwenye kipandio kinachofaa, gamba lake linagonga ukuta wa ngazi na kukurudia, unalikanyaga tena, linarudi tena. Alama zinapanda kutoka mia hadi elfu nane, kisha mashine inaacha kutoa alama na kuanza kutoa laifu, moja kwa kila kanyago. Tulizitazama zikipita kumi, namba ikageuka kuwa taji na alama tusizozielewa. Tuliona umaskini umeisha.

Siku moja aliendelea kukanyaga muda mrefu mno, kisha akaangukia shimo la kwanza. Badala ya kuendelea, skrini ikaandika Game Over. Miaka mingi baadaye nilielewa sababu: gemu ile huhesabu laifu kwa namna ambayo ikipita 127 mashine huisoma kama namba iliyo chini ya sifuri, na ukifa ukiwa hapo, huna kitu. Siku ile hatukujua lolote kuhusu hesabu za kompyuta. Tulichoona ni kwamba aliyelimbikiza kupita kiasi amepoteza zake na zetu. Kuanzia hapo sheria ikaongezwa: zikitosha foleni, shuka kwenye ngazi uendelee na safari.

Contra ilileta jambo jingine. Gemu hiyo ya Konami, iliyoingia kwenye Famicom mwaka 1988, inawaweka wachezaji wawili kwenye skrini moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na laifu zake tatu, zikionyeshwa kwa nishani juu ya skrini. Risasi moja ikikugusa, umekufa. Kuna wimbo wa vidole ambao watoto wa dunia nzima waliujua: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ukiubonyeza kabla ya kuanza unapata laifu 30. Ulibuniwa na Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa gemu wa Japani aliyefariki mwaka 2020. Aliuweka kwanza katika Gradius ya mwaka 1986 ili aweze kuijaribu gemu iliyokuwa ikimshinda kwa ugumu. Kwetu ulifika kwa mdomo, kutoka mtoto hadi mtoto, kabla yeyote kati yetu hajasikia jina la mtu huyo.

Kilichonigusa zaidi katika Contra, hata hivyo, ni kukopa. Mmoja akimaliza laifu zake, gemu inamruhusu kuchukua moja ya mwenzake kwa kubonyeza kitufe tu. Mashine haikuuliza ruhusa. Anayechukua anarudi uwanjani, na nishani ya mwenzake inapungua bila mwenyewe kufanya chochote. Tulipogundua hilo, wengine walianza kujichukulia, na urafiki ukaingia dosari. Basi tukatunga wenyewe adabu ambayo mashine haikuwa nayo: unaomba kwanza. “Nikopeshe moja.” Mwenye nazo anasema chukua, au anasema ngoja nimalize hapa. Sijawahi kuona mtu akinyimwa moja kwa moja. Aliyebaki peke yake msituni na laifu nne alikuwa na kazi ngumu kuliko aliyebaki na mwenzake na laifu mbili mbili, na tulilijua hilo kwa vidole vyetu.

Baadaye pakafunguliwa kibanda cha gemu karibu na soko la Jericho, na mwenyewe akaanza kwa kutoza kwa laifu. Alipoona mtoto mmoja akikaa mchana kutwa kwa sarafu moja, kwa sababu ya kobe wa ngazi, alibandika saa ukutani na kutoza kwa nusu saa. Simlaumu. Alikuwa na kodi ya kulipa, na tatizo lake lilikuwa la zamani. Laifu ilizaliwa kwenye mashine za sarafu. Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980 zilitoa laifu ya ziada kwa kufikisha alama fulani, na ndani ya Pac-Man mlikuwa na swichi ndogo ambazo mwenye mashine alizitumia kuamua ukarimu wake: laifu ije kwenye alama 10,000, au 15,000, au 20,000, au isije kabisa. Gemu zilipoingia majumbani, sarafu ikaondoka lakini laifu ikabaki. Watengenezaji walidhani zitatumiwa na mtoto mmoja na ndugu yake. Hawakutarajia watoto tisa na televisheni ya kuazima.

Ukame ulipokausha mabwawa ya Mto Tana, na mwaka 2000 stima ikaanza kugawiwa kwa zamu, tulipoteza laifu nyingi gizani, maana Mario hakuwa na pa kuhifadhi chochote. Halafu PlayStation zikajaa vibandani, na mpira ukashika hatamu. Sheria ya FIFA na Winning Eleven ni anayefungwa anatoka. Aliye hodari anakaa, na asiyejua analipa ili afundishwe kushindwa kwa dakika chache. Nimeupenda mpira huo na bado naupenda. Lakini katika sheria yake uhodari wa mmoja haumwongezei mwingine muda wa kucheza, na vibanda vile havikuwa na nafasi ya binti wa nyumba ya pili.

Watengenezaji wenyewe wameanza kuziaga laifu. Super Mario Odyssey ya mwaka 2017 haina laifu kabisa. Ukifa unatozwa sarafu kumi na kuendelea. Naelewa kwa nini. Mtu anayecheza peke yake, ambaye mashine yake inahifadhi kila hatua, hana haja ya kurudishwa mwanzo. Kwenye simu, Candy Crush Saga ya mwaka 2012 inakupa laifu tano, na zikiisha unangoja nusu saa kwa kila moja, au unanunua, au unamwomba rafiki. Hilo la kumwomba rafiki nilipoliona nilichangamka, kwa sababu nililijua tangu Contra. Tofauti ni kwamba rafiki huyo yuko mbali, na akishakutumia haketi nawe kuona umeitumiaje.

Nairobi sasa ina watu wanaotengeneza gemu. Nairobi X ilitoka hapa hapa mwaka 2015, na wengine wamefuata. Kwao nina ombi moja. Tengenezeni gemu ambayo laifu iliyookotwa na hodari inaweza kukabidhiwa aliyekaa kando yake, ikamwanzisha pale pale hodari alipofika, mbali na mwanzo. Watoto wa Eastlands bado ni wengi kuliko simu na mashine zilizopo, na mdogo wa mwisho bado anajua mahali pa kila uyoga.