Papa Parashuti na jirani yake wa Kolwezi

Katika mtaa mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, watoto wanamwita Papa Parashuti. Ana karibu miaka 70 na anaishi kwa kutengeneza baiskeli. Mwaka 1978 alikuwa kijana wa batalioni ya 311 ya Jeshi la Zaire, batalioni ya askari wa parashuti waliofundishwa na Wafaransa.

Miaka ile askari wa angani walikuwa na sifa kubwa. Huko Vietnam Wamarekani walikuwa wamepeleka divisheni yao ya wapanda farasi bila farasi hata mmoja: helikopta ndizo ziliwabeba hadi mapiganoni. Vijana wa Zaire nao waliamini kwamba anayeshuka kutoka juu hashindwi.

Kolwezi iliwaonyesha mambo mengine. Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, wana wa Katanga waliotoka Angola chini ya Nathaniel Mbumba, waliingia mjini. Tarehe 16 kompanyi moja ya batalioni ya 311 ilirushwa kwa parashuti, ikapigwa vibaya sana. Papa huyu hakuwa kati yao. Yeye alitoka Lubumbashi kwa njia ya barabara pamoja na meja Mahele. Walipigana njiani, wakavuka mto Lualaba, kisha wakashika uwanja wa ndege. Tarehe 19 askari wa Lejoni wa Ufaransa waliruka juu ya mji, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Mji ulikombolewa, lakini raia waliokufa, weusi kwa weupe, walihesabiwa kwa mamia.

Kwa miaka mingi hadithi yake iliishia hapo, kwenye uwanja wa ndege. Watoto walipiga makofi, naye akarudi kwenye baiskeli zake.

Kisha mama mmoja alihamia nyumba ya pili. Yeye ni mzaliwa wa Kolwezi. Mwaka ule alikuwa na miaka tisa, na mama yake alimtembeza kwa miguu hadi Angola, kama maelfu ya wakaaji wa Shaba walivyokimbia mwaka ule na mwaka uliotangulia. Hawakuwakimbia waasi peke yao. Waliwaogopa pia askari wa serikali, walioingia mitaani kutafuta kila mwanaume aliyeshukiwa kuwasaidia waasi. Mobutu alitangaza msamaha mwaka huohuo, na familia nyingi zikarudi. Baba yake huyu mama hakuonekana tena.

Siku moja aliposikia hadithi ya uwanja wa ndege, alimuuliza papa swali moja: "Kisha mulifanya nini?"

Papa alikaa kimya. Zilipita siku kadhaa kabla hajaenda kubisha mlangoni kwake. Alimwambia kwamba, baada ya mapigano, aliona wanaume wakitolewa manyumbani na kupakizwa kwenye lori. Yeye alikuwa analinda barabara. Hakuwashika, lakini hakuuliza wanapelekwa wapi. Hakujua majina yao. Alimwonyesha tu lori lilielekea upande gani.

"Miye nilifika na bunduki, weye ulitoka na maguu," alimwambia. "Ile miye nilitafuta kusahau, ndiyo weye ulikuwa unatafuta."

Mama hakumwambia kwamba amemsamehe. Alisema tu kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna askari hata mmoja aliyewahi kumwambia neno. Siku hizi akipika bukari hupeleka sahani kwa papa, na wakati mwingine wanaketi chini ya mwembe wakitaja mitaa ya Manika kama ilivyokuwa zamani.

Ninyi familia mliokimbia vita, iwe ni vya Mitwaba na Pweto au vya Goma na Bukavu, mnajua uzito wa swali la yule mama. Andikeni majina ya waliobaki nyuma, siku mliyoachana nao na mahali mlipowaona mara ya mwisho. Na wewe uliyewahi kuvaa uniforme, ikiwa uliona kitu, kuna mtu ambaye hadi leo anakingoja. Papa Parashuti alichelewa zaidi ya miaka 40, na hata hivyo mlango ulifunguliwa.