Krismasi ya Agosti

Siku hizi kwaya yetu huimba Noeli mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni Agosti, mahindi ya Trans-Nzoia yakiwa yametoa ndevu, nasi tumejipanga shambani kwa mtu na sare mpya, mpiga picha akituhimiza tutabasamu. Ya pili ni ile ya kalenda. Video sharti itoke kabla ya Majilio, na ukingoja Desemba shamba limebaki mabua. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwaya za huku zimebadilika vipi, simwanzii na mitaguso ya Roma. Namwambia kurekodi ndiko kulikoihamisha Krismasi.

Nilijiunga na kwaya hapa Kitale mwishoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa bado chini ya Jimbo la Eldoret. Jimbo la Kitale lilizaliwa 1998, na kanisa la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili likawa kanisa kuu. Wakati huo mwalimu wa kwaya aliandika solfa ubaoni kwa chaki, ile ile iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, nasi tukainakili kwenye madaftari ya shule. Sauti ya kwanza mbele, besi nyuma karibu na mlango. Nyimbo za Noeli karibu zote zilikuwa za Ulaya zilizotafsiriwa, na silabi zilibanwa mpaka zikaingia. Hatukuona ugeni wowote. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mkesha wa Krismasi watu huja kanisani na makoti na mablanketi. Baridi ya zizini ilikuwa baridi tunayoijua.

Mwalimu huyo alikuwa na redio ya masafa mafupi. Tarehe 24 Desemba, saa kumi na mbili jioni, alituita tusikilize BBC: ibada ya masomo tisa na nyimbo kutoka Chuo cha King's, Cambridge, iliyoanza 1918 na kutangazwa redioni tangu 1928. Sauti ilikuja na kupotea, lakini watoto wa kwaya ile waliimba kama uzi mmoja. Alitaka tusikie jinsi walivyomaliza neno kwa pamoja. Baadaye nilipata kujua kwamba tangu 1983 King's huagiza wimbo mpya kila mwaka, wa mtunzi aliye hai, ukawekwa kando ya zile za kale. Sisi tulidhani wanalinda makumbusho.

Kazi kubwa ya Desemba haikuwa kanisani. Mavuno yakishaingia ghalani, tulizunguka usiku nyumba kwa nyumba, Milimani hadi Kibomet, tukiimba mlangoni kwa mtu mpaka awashe taa. Wengine walitoa pesa za kanisa, wengine debe la mahindi, wengine chai tu, na chai ile ndiyo tuliyoifuata hasa. Huko njiani ndiko wimbo ulikobadilika. Ulitoka parokiani na solfa, ukafika nyumba ya mwisho una ngoma, kayamba na vigelegele. Wazee wa kanisa hawakuipenda ngoma, na gitaa walilichukia zaidi, wakasema ni kitu cha baa. Laiti wangejua kuwa Usiku Mtakatifu, wimbo walioutetea kuliko yote, uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, na chombo kilichousindikiza kilikuwa gitaa!

Kisha zikaja kanda kutoka Tanzania. Hapa lazima niseme wazi: kwaya za Kikatoliki za magharibi mwa Kenya zina deni kwa Watanzania. Kanda za kwaya kama Mtakatifu Kizito ya Makuburi, Dar es Salaam, na tungo za John Mgandu na Bernard Mukasa, zilituonyesha kwamba Kiswahili kikitungiwa tangu mwanzo hakibanwi na noti. Tulirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya biro ili kuokoa betri, tukinasa sauti moja baada ya nyingine.

Tulipoingia studio wenyewe, kwa mchango wa harambee, tulikuta chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani. Kila sauti iliingia peke yake, visikizi masikioni, na ndani ya visikizi kulikuwa na mdundo wa mashine: tik, tik, tik. Mpiga ngoma wetu alikuwa mtu wa kuongeza mwendo furaha inapopanda. Kanisani hilo ndilo lililowainua watu. Mashine haikumngoja. Prodyusa akamsimamisha mara kadhaa, mwishowe akaweka ngoma ya kinanda. Wimbo ukatoka safi. Krismasi ile waumini walitaka tuuimbe kama ulivyo kwenye kanda, na tangu hapo ngoma yenyewe ikaanza kuifuata kanda.

Dada yangu ameolewa Bungoma na huimba katika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme. Hupenda kunikumbusha kwamba jimbo lao ni la 1987, kwa hiyo sisi ni wadogo zao. Huko Noeli mpya huimbwa na mabega: wimbo ukikolea, kwaya nzima inaingia kamabeka, ile ngoma ya Wabukusu ya kutikisa mabega, na padri akiwa mwenyeji naye hasalimiki. Lakini Agosti ya Bungoma ina wenyewe. Mwaka wa shufwa ni mwaka wa tohara ya Wabukusu, na barabara hujaa vijana wakipiga njuga zao, chinyimba. Walirekodi mwaka mmoja wa namna hiyo, msafara ukapita nje katikati ya ubeti wa wachungaji. Prodyusa alitaka warudie. Dada yangu na wenzake wakakataa, na njuga za watahiriwa zimo mpaka leo, kwa mbali, nyuma ya malaika.

Sina chuki na rekodi. Krismasi ya 2020, kafyu ilipoanza saa nne usiku na mkesha ukaadhimishwa mapema na watu wachache, simu ndizo zilizopeleka Noeli kwa wagonjwa na wazee. Nyumba kwa nyumba ilikuwa imekwisha kufa kabla ya hapo, na hakuna aliyeitangazia kifo. Vijana wana nakala kwenye YouTube, mlango wa kubisha wanautakia nini?

Sasa Bungoma wanataka kurekodi mkesha wenyewe, misa ikiendelea, bila mashine ya kuhesabu, watoto wakilia wanavyolia, kisha watoe rekodi mwaka unaofuata. Nimelipeleka wazo hilo kwenye kikao chetu. Mpiga ngoma aliliunga mkono kabla sijakaa. Mweka hazina amelipinga: usiku hauonekani kwenye video, anasema, na Noeli ya Kitale isiyo na mahindi mabichi nani wa Nairobi ataitazama?