Kambi Gani? Siku Tatu Kibondo

Kama wewe na mwenzako hamjawahi kugombana juu ya vigingi vya hema, bado hamjajuana vizuri. Mimi na mume wangu tulijuana Kibondo, mwaka wa nne wa ndoa.

Basi bwana, ilikuwa hivi. Mwezi Juni mwenzangu alipata barua ya uhamisho, kutoka Dar kwenda Kibondo. Yeye ni Muha wa Kasulu, alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Mimi wa Temeke nilinuna wiki nzima. Kazi yangu, mama yangu, mashosti zangu, vyote niviache? Akaniomba kitu kimoja tu: "Njoo upaone kwanza. Siku tatu, tulale kwenye hema."

Agosti tukapanda ndege hadi Kigoma, tukakodi Land Cruiser. Ukiliacha ziwa nyuma, barabara inapanda tu. Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi si ya mchezo. Kisha miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti, na baiskeli zilizoelemewa na ndizi.

Sokoni Kibondo tulisimama kununua asali. Mama muuzaji akatupokea kwa "Mwakeye!", akauliza tunaelekea wapi. Nikajibu kwa mbwembwe, "Tunaenda kambini!"

Akaniangalia toka kichwani hadi kwenye raba. "Kambi gani, mwanangu? Nduta?"

Nilicheka, kicheko kikanikwama. Huku neno kambi si la starehe. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Nduta, hapo Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Kuna watu waliozaliwa na kuoana humo kambini. Na mimi nilikuwa nimenuna kwa uhamisho wenye barua na posho!

Hema tulilipiga pori la akiba la Moyowosi, tukiwa na kibali cha TAWA na askari wa wanyamapori. Hili ni kama bwawa lisilojengwa na mtu. Wakati wa mvua mito Malagarasi na Moyowosi hutapakaa kwenye mafunjo, ardhi inayashika maji, halafu inayaachia taratibu kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar. Anaishi humo korongo mwenye mdomo kama kiatu, na nzohe, swala wa kwenye matope. Sisi hatukubahatika kuwaona. Mbung'o ndio tuliwaona, tena kibao.

Usiku viboko walikoroma kwa mbali. Tukiwa kwenye moto, mwenzangu akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunigusia. Akiwa mdogo, familia zilipita mbele ya kwao Kasulu na magodoro kichwani. Mama yake akampa mmoja maji, akamuuliza ametoka wapi. "Yule mama akataja kijiji chake kama mtu atakayerudi jioni," akasema. "Mimi nina kwetu pa kurudi. Nikatae?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ukweli: siiogopi Kibondo, naogopa kuwa mgeni. Akanifunika shuka lake. "Mgeni mwenye mwenyeji," akasema.

Mkitaka kwenda, nendeni kiangazi, kibali mkononi. Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo. Chandarua ni lazima, na hema liwe mbali na maji, maana viboko hupanda kula usiku.

Sisi tumekubaliana: atatangulia, nami nitamfuata Januari, mkataba wangu ukiisha. Yule mama wa asali akiniuliza tena kambi gani, nitamwambia, "Hapana mama, safari hii nimekuja kukaa."