Kwa Baiskeli hadi Rumonge: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari



Likizo inapokaribia, baadhi yenu huniuliza kama inawezekana kusafiri kwa baiskeli kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Jibu langu ni ndiyo: inawezekana, na inafaa. Lakini jibu hilo lina deni ndani yake, nami ninakusudia kulilipa leo. Nitawaeleza kwanza namna ya kujiandaa, kisha nitawasimulia kosa nililolitenda mimi mwenyewe katika barabara hiyo, ili ninyi msilirudie.

Tuanze na maana. Watu wanaposema kwamba nchi fulani ni rafiki wa baiskeli, kwa kawaida huifikiria Uholanzi, yenye zaidi ya kilomita 35,000 za njia za baiskeli. Njia hizo hazikuota zenyewe kama uyoga. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walitoka majumbani, wakajaza barabara na kuidai serikali ilinde maisha ya watoto wao. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika duniani, magari yalizuiwa kwa muda siku za Jumapili, na wananchi wakajionea jinsi mji unavyopumua yasipokuwapo. Kwa hiyo urafiki wa Uholanzi na baiskeli ulidaiwa na raia kabla ya kujengwa na wahandisi.

Burundi haina njia za namna hiyo. Hata hivyo, ni nchi ya baiskeli kwa maana nyingine. Hapa baiskeli hubeba ndizi, makaa, maji, mawese, mbao, na hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Katika miaka ya karibuni, petroli ilipokuwa adimu na magari yakalala kwenye foleni za vituo vya mafuta, baiskeli haikumngoja mtu. Kwa Kirundi huitwa ikinga, na katika Kiswahili cha huku utasikia pia kinga. Usishangae, basi, mtu akikuambia, "Kinga yangu imeharibika." Hazungumzii chanjo wala bima, ni mnyororo wake umekatika. Anayebeba abiria kwa baiskeli huitwa umunyonzi, na wakiwa wengi ni abanyonzi. Ni ndugu wa wale waliowavusha watu kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, ambako jina la bodaboda lilizaliwa likiwa na maana ya kwenda kutoka mpaka hadi mpaka.

Sasa njia yenyewe. Barabara Kuu ya Taifa namba 3 hutoka Bujumbura kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Hadi Rumonge ni yapata kilomita 75. Kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac ni kama kilomita 50 nyingine. Mwendeshaji wa kawaida, asiye na haraka, aigawe safari katika siku mbili au tatu. Usianzie katikati ya jiji: Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura. Uliza mpaka wa katazo uko wapi siku hiyo, pakia baiskeli yako kwenye gari, kisha uanzie nje yake upande wa kusini.

Utapita Mugere, ambako pana jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wako watakaokuambia kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sikiliza kwa adabu, lakini kumbuka kwamba walikutana Ujiji, Kigoma. Hapa walipita pamoja walipokuwa wakiichunguza kaskazini ya ziwa. Baadaye utafika Gitaza, Magara na Minago. Mahali pengine milima huibana barabara dhidi ya maji, na mvua kubwa huangusha udongo na mawe. Kwa sababu hiyo nawashauri msafiri kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Lami nayo haina tabia moja: kuna kipande kinachoteleza kama hariri, na kuna kipande chenye mashimo yanayoweza kumeza gurudumu. Uliza hali ya barabara kila asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kuwa ujenzi na maporomoko huibadilisha.

Mkitokea Kigoma kupitia Manyovu, kumbukeni mambo mawili mnapovuka mpaka. Kwanza, Tanzania vyombo hupita kushoto, Burundi hupita kulia. Pili, saa ya Burundi iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Jua huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa kumi na mbili jioni, na giza halibishi hodi. Jipangieni kufika mnakolala saa kumi. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za pamoja za maendeleo, hivyo maduka mengi hufungwa hadi kazi ziishe. Na anayetumia ramani ya zamani asichanganyikiwe: Rumonge ilikuwa mkoa tangu 2015, lakini kwa mgawanyo mpya wa nchi ulioanza kutumika mwaka 2025, imo katika mkoa wa Burunga.

Kuhusu chombo, chagua baiskeli nyepesi kueleweka kuliko baiskeli nyepesi kubebwa. Mafundi wa barabara hii, wanaokaa chini ya mwembe na ndoo ya maji ya kutafutia pancha, ni hodari sana kwa tairi, spoki, mnyororo na kanyagio za baiskeli za kazi. Baiskeli yenye breki za mafuta na gia nyingi itawashinda kwa kukosa vipuri, wala si kwa kukosa akili. Beba mipira miwili ya ndani, viraka na gundi, pampu, spana, taa ya mbele na ya nyuma. Vaa kofia ngumu. Maji uyanunue au uyachemshe. Usioge ziwani mahali penye matete na maji yaliyotulia, kwa kuwa kuna kichocho, wala usikae ufukweni jioni mahali unapoambiwa pana viboko. Chakula hakitakusumbua: kuna ugali wa muhogo, ndagala, ambao Kigoma ni dagaa, na mukeke wa kuchoma, ambaye Kigoma huitwa mgebuka. Samaki ni yuleyule na ziwa ni lilelile. Mpaka umebadilisha jina tu.

Hayo yote niliyajua nilipoondoka. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu kutoka Kigoma, na tulikuwa tumejiandaa vizuri kiasi cha kujisifu. Nisichokijua hakikuwa katika orodha yangu.

Siku ya pili, kabla ya kufika Minago, tulipata mteremko mrefu. Asubuhi ilikuwa safi, ziwa limetanda kama kioo, upepo unatupiga usoni. Niliachia breki. Nilijihisi mtoto aliyetoroka shule. Chini yangu niliona mzee mmoja akija, akisukuma baiskeli yake kupanda kilima. Alikuwa amefunga madumu mawili ya mawese kila upande na jingine juu ya karia, na mwili wake wote ulikuwa umelalia usukani. Nilipiga kengele. Niliipiga mara nyingi, kama mtu anayedai njia iliyo yake. Kisha likatokea shimo mbele yangu. Nikalikwepa kwa kukata kushoto, nikaingia upande wake.

Hatukugongana. Yeye ndiye aliyenusuru, kwa kuitupa baiskeli yake nje ya lami. Mimi nilisimama hatua kadhaa chini, mikono ikitetemeka. Nilipogeuka niliona dumu moja limefunguka, na mawese mekundu yanashuka taratibu katika mchanga wa pembeni.

Nilirudi mbio nikisema, "Mzee wangu, nisamehe, nisamehe sana."

Alikuwa anahangaika kuliinua dumu. Alipolisimamisha, alinitazama magoti, kisha uso, akasema kwa Kiswahili: "Pole, mwanangu. Umeumia?"

Wanafunzi wangu, nimefundisha neno pole kwa miaka mingi. Nimewaeleza kwamba halina maana ya kukiri kosa, kwamba ni neno la kumshika mkono aliyepatwa. Lakini siku ile ndipo nililisikia kwa mara ya kwanza. Aliyekosewa ndiye aliyelisema, na aliyekosa ndiye aliyepewa.

Tuliketi kando ya barabara. Alitueleza kwamba mafuta yale hayakuwa yake. Alikuwa ameyachukua kwa mkopo kwenye mashine ya kukamulia, ili ayauze sokoni na kurejesha deni jioni, faida ikibaki ndiyo chakula cha nyumbani. Dumu moja likimwagika, faida ya madumu yote imekwenda. Nilimpa bei ya mafuta yaliyomwagika, na mwenzangu akataka kuongeza. Mzee alihesabu, akachukua ile ya mafuta, akairudisha ile ya ziada. "Hii si deni," alisema. Kisha akaongeza bila ukali: "Ninyi mnatembea. Mimi niko kazini. Barabara ni moja."

Tuliegesha baiskeli zetu, tukamsaidia kuisukuma ya kwake hadi juu. Watu watatu, na bado ilitulemea. Pale juu nilizitazama breki zake: ya mbele haikuwapo, ya nyuma ilikuwa imekwisha. Nikamwuliza hushukaje upande wa pili. Alinionyesha soli ya kiatu chake iliyolika upande mmoja kwa kukandamizwa kwenye tairi. Nikawakumbuka vijana wa barabara ya Bugarama, wanaojishika nyuma ya malori ili wavutwe kupanda milima. Siku zote nilikuwa nikiwaita wakaidi. Sijabadili mawazo kuhusu hatari ile, inaua. Lakini sasa, kabla ya kumwita mtu mkaidi, najiuliza kwanza amebeba nini na anamdai nani jibu.

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni nne, ambazo nawaachia ninyi pia.

Kwanza, anayepanda na mzigo ana haki ya kwanza ya njia. Sheria iliyoandikwa huenda isiseme hivyo, lakini anayeteremka ana nafasi ya kufunga breki, na anayepanda na madumu hana. Pili, kengele ni ya kutahadharisha, haina mamlaka ya kumwondoa mtu njiani. Ukimkuta mtu mbele yako, punguza mwendo, useme, "Naomba kupita," na ukishapita useme, "Pole na kazi." Ukiweza, tanguliza salamu ya Kirundi: Mwaramutse asubuhi, Mwiriwe mchana na jioni, au Amahoro wakati wowote. Tatu, safirini mmoja nyuma ya mwingine. Mazungumzo yangojee mahali pa kupumzika. Nne, ukiharibu, simama. Usingoje kuulizwa. Lipa kilichoharibika, kisha toa mikono yako, maana kuna madeni ambayo fedha haiyafikii.

Tulifika Rumonge saa kumi kasoro. Mji ule utawapendeza ninyi mnaojifunza Kiswahili, kwa sababu hapo hakifundishwi ubaoni tu; kinauza samaki, kinapatana bei ya mawese, kinaitana kutoka mtumbwi hadi gati. Msiogope makosa ya ngeli. Muuza ndagala atawasahihisha bila kuwacheka, au atawacheka kwanza kisha awasahihishe. Ukiwa na siku ya ziada, endelea kusini kidogo hadi msitu wa Kigwena, kivuli cha mwisho kinachotuonyesha nchi hii ya ufukweni ilivyokuwa kabla ya michikichi na mashamba.

Je, Burundi ni nchi rafiki wa baiskeli? Nimelipima swali hili mara nyingi tangu safari ile. Barabara yake bado haijawa rafiki: haina ukingo wa kutosha kwa mtu asiye na injini, na anayeibeba nchi mgongoni ndiye anayesukumwa nje ya lami. Hilo ni jambo la raia kulidai, kama wazazi wa Uholanzi walivyolidai. Lakini watu wake ni marafiki, na nimeliona hilo katika mzee aliyeniuliza kama nimeumia, huku mawese yake yakinywewa na mchanga.

Kazi yenu ya wiki hii: andikeni aya moja kuhusu njia mnayoitumia kila siku. Nani yuko kazini katika njia hiyo wakati ninyi mnapita? Amebeba nini? Na mara ya mwisho mlipompita, mlimwambia nini?