Mbuzi wa Udhiya Aliyerudishwa

Asubuhi ya Idi el Hajj, hapa Kabungu, sheikh alimpapasa mgongo beberu mmoja kati ya watano waliofugwa na msikiti kwa ajili ya udhiya, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Huyu mrudisheni.” Umri alikuwa nao: miaka miwili kamili, kama madhehebu ya Imamu Shafi yanavyotaka kwa mbuzi. Kilichokosekana ni mwili. Pingili za mgongo zilihesabika, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kuchinja udhiya mnyama aliyekonda hata mifupa ikakosa uboho. Mjane aliyemkabidhi kwetu angali mdogo, ili nyama yake wapewe mayatima, alikuwa upande wa akina mama akitazama. Sisi wanakamati hatukuwa na neno la kumwambia.

Tulidhani amana tumeitimiza. Mchungaji alilipwa, mbuzi walitoka kila siku, na miombo ya Katavi haikosi majani. Lakini mvua zetu hukatika Aprili au Mei, hazirudi mpaka Novemba. Kufikia Agosti nyasi ni makapi yanayojaza tumbo bila kujenga mwili. Protini yake hushuka chini ya asilimia 7, na vijidudu vya tumboni vinavyomsagia mbuzi majani hudhoofika kwa kukosa lishe yao wenyewe. Mbuzi mkubwa huvumilia. Mdogo aliyeachishwa kunyonya hudumaa. Mvua zikirudi hutumia miezi kurejesha alichopoteza, huku minyoo ikimshinda kwa urahisi.

Katika kikao kilichofuata mzee mmoja aliuliza kama ni haki fedha za msikiti kununulia mbuzi chakula ilhali paa linavuja. Lilikuwa swali la msingi, nasi tulioshika kalamu ya katibu tukaliandika lilivyo. Sheikh alijibu kwa kisa cha Mtume kumpita ngamia ambaye tumbo lilikuwa limegandana na mgongo, akawaonya watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema. Habari ya paa haikutajwa tena siku ile.

Tulianza na dawa ya minyoo, vinginevyo tungekuwa tunailisha minyoo. Kisha pumba za mahindi kutoka mashineni na mashudu ya alizeti kutoka Mpanda mjini: pumba sehemu mbili, mashudu moja, na chumvi kidogo. Kila mbuzi mdogo hupata gramu 100 hadi 200 jioni akitoka malishoni, na maji ya kutosha. Siku za kwanza tulitoa konzi moja tu, kwani pumba nyingi za ghafla huchachua tumboni na huweza kuua. Pumba zenye ukungu tunazitupa, hata mweka hazina akinung’unika. Mashudu ya pamba, ingawa yanapatikana, tumeyaacha kwa sababu yana sumu inayowadhuru wadogo. Kando ya madrasa tumepanda lukina. Majani yake yana protini nyingi, ila hatuyaachi yazidi theluthi ya chakula, maana yakizidi humnyonyoa mnyama manyoya.

Mwezi uliopita yule mjane alileta mbuzi mwingine, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Hakutulaumu. Aliomba tu kuonyeshwa gunia la mashudu, akalinyanyua kidogo kwa mikono miwili kupima uzito wake, akaondoka.