Mwanagenzi wa Kula Mboga

Katika nyumba nyingi za bara ya Afrika Mashariki, mtu anayeuliza jioni, "Leo mboga ni nini?" haulizi habari za majani. Aweza kujibiwa kuwa mboga ni mchicha. Aweza kujibiwa kuwa mboga ni dagaa. Na siku ya neema hujibiwa, kwa sauti iliyopanda kidogo, kuwa mboga ni nyama. Neno lile moja hubeba kila kitu kinachoushusha ugali kooni. Mwambaoni neno kitoweo hufanya kazi kama hiyo, na wali usio na kitoweo huitwa mkavu. Basi mtu aliyekata shauri kuwa tangu leo atakula mboga peke yake hukutana na kikwazo cha kwanza kabla hajaosha mikono: lugha yake mwenyewe haijui anasema nini.

Nyama nalo si neno jepesi. Mtu asemaye, "Sili nyama," huletewa kuku. Akikataa kuku, mwenyeji huomba radhi kwa moyo safi akaleta samaki. Kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuku ni kuku na samaki ni samaki, kila mmoja na jina lake na bei yake sokoni. Hapana hila katika jambo hili. Mwenyeji ameyasikia maneno ya mgeni wake sawasawa na kuyatii. Ila maneno yenyewe yalikuwa na mlango wazi, na kuku akapita.

Ugumu wa kuacha nyama hudhaniwa kuwa uko tumboni na ulimini. Upo huko pia, wala haufai kupuuzwa. Walakini yule aliyejaribu aghalabu hushangaa kuona kuwa tumbo hutulia mapema kuliko watu. Wachache wameandika habari za mwanzo wao katika mlo huu kwa uwazi kama Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar katika Bara Hindi mwaka 1869, na habari hizo zastahili kusomwa kwa ajili ya njaa iliyomo ndani yake, mbali na sifa alizopata baadaye.

Yaweza kuulizwa: mtu aliyezaliwa katika nyumba isiyopika nyama ataitwaje mwanagenzi? Lakini nyumbani hakuwa mla mboga kwa shauri lake; alikula alichopakuliwa. Tena katika ujana wake rafiki mmoja alimshawishi kuwa Waingereza waliitawala Bara Hindi kwa kuwa walikula nyama, na kwamba Wahindi wakila nyama watawatoa. Wakaenda mahali pa faragha kando ya mto wakala nyama ya mbuzi. Ilikuwa ngumu kama ngozi. Usiku ule kila alipolala aliona kama kwamba mbuzi yu hai analia tumboni mwake. Hata hivyo alirudia karamu hizo za siri kwa muda wa mwaka mmoja hivi, akaziacha si kwa sababu ya mbuzi bali kwa sababu alichoka kumdanganya mama yake kuwa hana njaa.

Mwaka 1888, alipokuwa na umri wa miaka 18, alisafiri kwenda London kusomea sheria. Mama yake hakumwachia mpaka alipokula yamini kuwa hatagusa mvinyo, wanawake wala nyama. Melini hakujua chakula kipi kilikuwa na nyama na kipi hakikuwa nayo, na aliona haya kuuliza kwa Kiingereza. Akakaa chumbani mwake akila vitamu na matunda aliyofungiwa nyumbani. London ikawa mbaya zaidi. Asubuhi alipewa uji akashiba. Mchana na jioni alipewa mchicha wa Kizungu, mkate na jamu, na kwa aibu ya mgeni hakuthubutu kuomba vipande vya mkate zaidi ya viwili au vitatu. Katika nyumba nyingine aliyopanga, mabinti wawili walimwongezea kipande kimoja au viwili kwa huruma, wasijue kuwa tumbo lile lilitaka mkate mzima.

Rafiki aliyemtunza alikasirika. Alimwuliza yamini iliyoliwa mbele ya mama asiyejua kusoma, asiyeijua nchi ile, ina thamani gani. Siku moja akamsomea maandishi ya Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa manufaa, ili amwonyeshe kwa hoja kuwa yafaa kula nyama. Kijana akajibu kuwa maneno yale ni makubwa kuliko akili yake, na kwamba anakubali kuwa nyama ni lazima, lakini hawezi kuvunja ahadi. Jibu lile lina nguvu ya ajabu, kwa kuwa mwenye kulitoa hakuwa na hoja hata moja. Mwanagenzi wengi hushindwa hapa: hudhani kuwa hawana haki ya kukataa sahani mpaka wamshinde mwenye sahani kwa mabishano.

Akawa akitembea maili kumi au kumi na mbili kwa siku akitafuta mahali pa kula, akiingia katika vilabu vya chakula vya bei ndogo na kujijaza mkate bila ya kutosheka. Mwisho akaona katika Farringdon Street mkahawa usiopika nyama. Dirishani paliuzwa vitabu. Akanunua kwa shilingi moja kitabu cha Henry Salt cha kutetea mlo wa mboga, kilichotolewa mwaka 1886, akaingia nacho ndani, akala mlo wake wa kwanza wa kushiba tangu kufika Uingereza. Hapo ndipo alipokuwa mla mboga kwa hiari. Kwanza aliacha nyama, kisha akala akashiba, na ndipo alipopata sababu. Wengi hudhani mpango huu huenda kinyumenyume.

Yule rafiki hakukata tamaa. Alimwalika katika mkahawa wa fahari wa Holborn kabla ya kwenda kutazama mchezo. Supu ilipoletwa, kijana alimwita mtumishi ili amwulize kama ilikuwa ya mboga. Rafiki akaghadhibika, akamwambia kuwa hafai kukaa na watu wenye adabu, na kama hawezi kutulia atoke. Akatoka. Mkahawa wa mboga uliokuwa karibu ulikuwa umefungwa. Akalala na njaa. Tukio hili ni dogo kama punje, lakini ndani yake mna taabu yote ya mwanagenzi. Hakunyimwa chakula na mtu aliyemchukia. Alitolewa mezani na mtu aliyempenda, kwa kosa la kuuliza supu imepikwa kwa nini.

Likabaki swali la nini hasa ni nyama. Katika Uingereza ya siku zile alikuta tafsiri tatu. Ya kwanza ilisema nyama ni ya ndege na wanyama wa mguu tu. Samaki na mayai ni halali kwa mla mboga. Ya pili ilisema nyama ni ya kila kiumbe chenye uhai, samaki pamoja nao. Lakini mayai ruhusa. Ya tatu ilitia mayai, na maziwa pia. Kwa muda mfupi alikula mayai kwa kufuata tafsiri iliyomwelekea vizuri. Kisha akaona kuwa ahadi aliyotoa ilikuwa na msikilizaji, na msikilizaji yule alikuwa na maana yake ya neno. Kwa mama yake yai lilikuwa nyama. Akaacha mayai, na ikambidi aulize habari za kila andazi na kila keki, hata katika mikahawa ya mboga. Aliporudi kwao mwaka 1891 alikuta mama yake amekwisha kufa, na kwamba ndugu zake walimficha habari hiyo. Hapakuwa tena na mtu wa kumtolea hesabu ya sahani zake. Na nyama hakuila.

Mtu huyo huyo aliuona mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 1893, meli yake iliyoelekea Afrika ya Kusini ilipotia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Lau angalikaribishwa mezani katika miji ile, tafsiri zake tatu zingalimsaidia, kwa maana mwambaoni tafsiri ya kwanza ndiyo iliyo kinywani mwa watu hata leo.

Mwanagenzi wa leo wa Morogoro au wa Kakamega hana mkahawa wa Farringdon Street, lakini ana jambo ambalo yule wa London hakuwa nalo: amezungukwa na chakula cha mboga. Mbaazi za nazi kwa mahamri; kunde, choroko na maharage; kisamvu kilichoungwa kwa karanga; makande; matoke; bamia, matembele na mlenda. Watu wengi wa nchi hizi hukaa juma zima bila ya kuonja mnofu, wala hawajiiti jina lolote. Hapa ndipo penye fumbo. Kukosa nyama hakumshangazi mtu. Kuikataa kunamshangaza kila mtu. Nyama iliyo adimu imekuwa ulimi wa heshima. Mgeni akifika, kuku hukimbizwa uani, na firigisi huwekewa mkubwa. Anayekataa kuku yule hakatai chakula; anakataa kusemeshwa.

Shangazi mtu atauliza, "Una ugonjwa gani, baba?"

"Sina ugonjwa, shangazi."

"Basi nani kakuudhi hapa?"

Yafaa kutazama kuwa maswali hayo ni ya haki, na kuwa ugonjwa ungalikuwa jibu zuri. Asemaye, "Daktari amenikataza," husamehewa papo hapo, hata huhurumiwa. Asemaye dini imemkataza pia huachwa. Lakini asemaye, "Nimependa tu," huonekana ana kiburi, kama kwamba amejiona bora kuliko waliomlea kwa mchuzi ule ule. Wengine wataongeza mzaha kuwa majani ni ya mbuzi, na mzaha huo hauna budi kuvumiliwa, maana utasemwa katika kila harusi mpaka mzaha wenyewe uchoke.

Lakini wazee walikuwa na neno la kumwokoa. Neno hilo ni mwiko. Katika Buganda kila ukoo una mnyama au kitu chake cha mwiko, na mwenye ukoo hakili. Hapana anayemwuliza ana ugonjwa gani. Mwiko haukutaka hoja, wala haukuwalaumu wanaokula. Ulisema tu kuwa huyu na kile hawakutani. Ni bahati ya lugha kwamba neno hilo hilo ni jina la chombo cha kusongea ugali. Mwanagenzi akisema, "Nyama ni mwiko wangu," huenda akaeleweka upesi kuliko akieleza mambo ya afya ya moyo na hali ya machinjio. Ijapokuwa, kusema kweli, mwiko wa mtu mmoja asiye na ukoo nyuma yake ni uzio wa kijiti kimoja.

Mtihani mkubwa ni ule wa wema usiokataza. Pilau imepikwa kwa supu ya ng'ombe; mwenyeji, akitaka kumpendeza mgeni, anachambua minofu kwa vidole vyake akaitenga, kisha anasogeza sahani: "Haya, nimekutolea." Au maharage yameiva pamoja na mfupa, na mfupa umeondolewa. Au mchicha una dagaa waliosagika hata hawaonekani. Ale au asile? Hapa kila mtu hurudi kwenye swali la ahadi yake na msikilizaji wake. Aliyeacha kwa ajili ya mnyama aliyekwisha kufa aweza kuona kuwa supu haimwongezi mnyama kifo, akala akashukuru. Aliyejiwekea yamini hawezi. Wote wawili wana haki, na si vizuri mmoja kumkagua mwenziwe sahani.

Mwili una madai yake nao, na hayo hayahitaji maneno mengi. Maharage huleta tumbo kujaa upepo katika majuma ya kwanza. Kuyaroweka usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza adha. Mahindi na maharage yakiliwa pamoja, kimoja hutoa kile kilichopungua katika chenzake, jambo ambalo wapishi wa makande na githeri walilifuata kabla ya maabara kulieleza. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Ndimu au chungwa huyasaidia, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea. Asiyekula mayai wala maziwa hana budi kuipata kwa vidonge au kwa vyakula vilivyotiwa. Ini huweka akiba yake, pengine kwa miaka, kwa hiyo anayejisifu mwezi wa tatu kuwa hajaona dhara anasoma saa iliyosimama.

Gandhi mwenyewe alifika ukingo huo. Mwaka 1912 aliacha hata maziwa. Mwaka 1918 aliugua kuhara damu akakaribia kufa, na daktari akamwambia hatapona bila ya maziwa. Mkewe, Kasturba, ndiye aliyekumbuka kuwa aliapa akiwa na ng'ombe na nyati mawazoni; maziwa ya mbuzi hayakutajwa. Akanywa, akapona, akaandika baadaye kuwa alishika herufi ya kiapo na kuiua roho yake, na hakupata raha juu ya jambo hilo. Mbuzi aliyelia tumboni mwake ujanani ndiye aliyemnyonyesha uzeeni.

Wako wanaorudi kwenye nyama mwezi wa kwanza, na si wote walioshindwa na hamu. Wengi walichoka kuwa habari ya kila karamu. Wanaobaki aghalabu wamepata mtu mmoja jikoni aliyekubali pasipo kuelewa. Shangazi wa namna hii, mwaka wa pili, humtengea mpwawe chungu chake, akampikia kunde za nazi kwa mkono ule ule alioutia katika kuku, akampakulia wa kwanza. Kisha, kabla hajakaa, humwuliza tena kwa sauti ya chini kama dagaa wawili watatu wangemdhuru mtu.